Kitabu Juu ya Dungu

Juni ya mwaka juzi nilikwenda bonde la Kilombero kumsalimia dada yangu, nikaambiwa mwanawe yuko shamba, juu ya dungu. Mpunga ulikuwa umekomaa, na mpunga ukikomaa kwelea kwelea hawabishi hodi. Kazi ya kuamia ndege huwaangukia watoto kwa kuwa haitaki misuli, inataka mtu asiyesinzia. Nilimkuta kijana kaegemea nguzo, kamba ya makopo kaifunga kwenye kidole gumba cha mguu, mikononi ana kitabu kisicho na jalada. Kila baada ya mistari kadhaa mguu unatikisika, makopo yanalia hadi mwisho wa jaruba, ndege wanaruka, na macho yake hayajatoka kwenye ukurasa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Unasoma nini hapo?"

Akakigeuza anionyeshe jina, akakumbuka hakina jalada, akacheka. Sikuhitaji jalada. Ilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, ile iliyomleta kwetu mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Kijana alikuwa kidato cha pili, na hakuna mwalimu aliyemwagiza kukisoma. Alikiona kwa mama muuza karanga, ambaye alikuwa akichana kurasa moja moja kufungia karanga, akaomba kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kingi, ila mama yule alikuwa ameanzia kuchana nyuma.

Wiki mbili baadaye, saa nne usiku, simu ya shemeji ikaita. "Mjomba, shikamoo, samahani kwa usiku. Aliyeua ni nani?"

Sikumwambia. Nitaeleza baadaye nilichofanya. Kwanza niseme kwa nini namleta kijana huyu hapa. Shule zinakaribia kufungwa, na kwa miaka niliyofundisha Kiswahili sekondari nayajua maswali ambayo wazazi huuliza wakati huu: tuisheni iko kwa nani, inaanza lini, shilingi ngapi kwa wiki. Ni nadra sana mzazi kuniuliza mtoto wake asome kitabu gani likizo hii. Na mara chache anapouliza, huwa na maana ya kitabu cha kiada. Mimi nazungumzia kitabu cha hadithi, chenye mwanzo na mwisho, ambacho mtoto amekichagua mwenyewe na hakuna atakayempa mtihani juu yake. Naamini kitabu cha namna hiyo humfanyia mtoto kazi kubwa kuliko tuisheni nyingi nilizowahi kuziona, pamoja na zile nilizofundisha mimi.

Tuanze na wadogo, maana hao ndio likizo huwaumiza zaidi. Mtoto wa darasa la pili amejua herufi na silabi, lakini kusoma kwake bado ni kupanda mlima. Anapofika mwisho wa sentensi amekwisha sahau mwanzo wake, kwa sababu akili yote imetumika kuunganisha silabi. Dawa ya hali hiyo ni kusoma tena na tena mambo mepesi, mpaka neno kama "walipokuwa" alitambue kwa kulitupia jicho, bila kulikata vipande. Mtoto huyo akikaa wiki nne au tano bila kushika maandishi yoyote, anarudi shuleni akiwa ameteremka mlima, na mwalimu mwenye wanafunzi themanini hana nafasi ya kumsubiri apande upya. Ila mtoto aliyesomewa na dada yake kila jioni, akasoma na yeye kurasa mbili, anaendelea pale alipoishia.

Kwa wakubwa faida ni ya aina nyingine. Msamiati wa mazungumzo ya nyumbani ni mdogo kuliko tunavyodhani. Tunarudia maneno yale yale kutoka chai ya asubuhi mpaka habari ya saa mbili usiku. Maneno kama "ghadhabu", "kusitasita", "fadhaa" au "kujikongoja" mtoto hayapati sokoni, anayapata katika hadithi, na huko hayaji na maana zilizoandikwa ubaoni. Yanakuja ndani ya tukio, mtu anajikongoja kweli, na mtoto anamwona. Pamoja na hilo kuna pumzi. Mwanafunzi aliyezoea kusoma kurasa kumi kwa mkao mmoja haogopi kifungu cha ufahamu cha ukurasa mmoja katika mtihani. Asiyezoea huanza na maswali, kisha anarudi kukiwinda kifungu kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

Wenzetu wa Marekani, ambao likizo yao ndefu ni ya kiangazi, wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwanasosholojia Barbara Heyns alifuatilia wanafunzi wa mji wa Atlanta, na katika kitabu chake cha mwaka 1978 akaonyesha kwamba kati ya shughuli zote za likizo, kusoma ndiko kulikoambatana zaidi na kukua kwa maarifa ya mtoto. Wataalamu waliokuja baadaye wamebishana kuhusu kiasi hasa cha masomo kinachopotea likizoni, na ubishi huo haujaisha. Lakini kuna jaribio moja ambalo kila nikilikumbuka nawafikiria wazazi wetu na pesa zao za tuisheni. Richard Allington na Anne McGill-Franzen walikwenda katika shule 17 za watoto wa familia maskini huko Florida. Kila mwaka kabla ya likizo, kwa miaka mitatu mfululizo, watoto walitandaziwa vitabu wakachagua 12 na kwenda navyo nyumbani moja kwa moja. Hakukuwa na masomo wala mwalimu wa kuwafuata. Matokeo waliyochapisha mwaka 2010 yalionyesha kwamba watoto hao waliwapita kusoma wenzao wasiopewa vitabu, na waliofaidika zaidi walikuwa maskini kuliko wote. Na wengi wao walichagua nini? Vitabu vya wasanii na mastaa wa televisheni. Watafiti hawakuwanyang'anya.

Hapo ndipo wazazi wetu wengi hukosea. Mtoto anataka kitabu cha upelelezi, tunampa cha maadili. Anataka katuni, tunamwambia amekua. Kama mtoto wako anapenda mpira, mtafutie habari za mpira. Kama anapenda majini na vizuka, basi avisome hivyo vizuka. Nimeona wavulana wasioshika kitabu kwa hiari wakianzia kwenye jarida la katuni la Sani, wakapita kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na siku moja wakajikuta wanasoma Kuli ya Adam Shafi bila kujua kwamba wamevuka mpaka wowote. Kuli ni kisa cha wachukuzi wa bandarini Zanzibar, na kijana anayesoma kwa ajili ya vurumai ya mgomo hupata historia juu yake bila kuitafuta. Anayependa safari za mbali apewe tafsiri za zamani, Mashimo ya Mfalme Suleimani au Kisiwa Chenye Hazina, kama utabahatika kuzipata. Aliye Kenya ana Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya ya mwaka 1996 ambayo sijamwona kijana akiishia katikati. Msichana wa kidato cha tatu anayeanza kuuliza maswali mazito anaweza kukabidhiwa Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, kisha aachwe peke yake na Rehema. Na kama nyumba yako inaona haya kuhusu Rosa Mistika ya Kezilahabi, jua tu kwamba enzi zile ilipozuiwa mashuleni sisi tuliisoma chini ya blanketi, nakala moja bweni zima. Sijui kitabu kingine kilichochakaa haraka namna ile.

Shaaban Robert? Bila shaka, lakini kwa wakati wake. Kusadikika ni kijitabu chembamba na mzazi huona ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili lugha ile ni ukuta, akijigonga nao mara moja hatarudi. Adili na Nduguze inampokea vizuri zaidi, kwa sababu ina nyani, majini na safari.

Mpe pia ruhusa ya kukiacha kitabu. Nyumbani kwangu sheria ilikuwa kurasa ishirini: ukizimaliza na bado hukipendi, kirudishe, chukua kingine, hakuna maelezo yanayohitajika. Watu wazima tunaacha vitabu kila siku, sijui kwa nini tunawalazimisha watoto kumaliza.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwa sisi walimu. Usimtahini. Mtoto akifunga kitabu, mzazi aliyesoma fasihi hukimbilia kuuliza dhamira kuu, dhamira ndogondogo na falsafa ya mwandishi. Ukifanya hivyo umekirudisha kitabu darasani, na mtoto ataona kwamba likizo yake imeibwa. Muulize tu unavyomuuliza mtu aliyetoka safari: umefika wapi, yule mzee amekamatwa, huyo dada kakubali kuolewa? Akikusimulia kwa dakika kumi bila kupumua, amekupa muhtasari, wahusika na dhamira, na hakuna aliyeumia.

Wako watoto ambao likizo kwao si wiki nne. Hapa Tanzania mtoto wa darasa la saba hufanya mtihani wake Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Hiyo ni karibu miezi minne, tena katika umri ambao akili ina njaa kuliko wakati wowote. Mara nyingi hugawanywa kati ya kuzurura, kazi za nyumbani na yale madarasa ya maandalizi ya kidato cha kwanza, ambako hufundishwa Hesabu na Baiolojia ambazo atafundishwa tena baada ya wiki chache. Kikwazo kitakachomsubiri Januari hasa ni lugha. Aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba anaingia darasa ambalo karibu kila somo ni kwa Kiingereza.

Kwa mtoto huyu nashauri lugha zote mbili, Kiswahili kwa wingi na Kiingereza kwa wepesi. Kiswahili kwa sababu anayesoma vizuri katika lugha yake anajua tayari kusoma ni nini, na ujuzi huo huvuka naye. Kiingereza cha vitabu vidogo vya hadithi, vile vya kurasa thelathini vyenye picha, hata kama vimeandikwa kwa ajili ya watoto wadogo kuliko yeye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka shule za vijijini za Fiji, ambako Kiingereza ni lugha ya kujifunza kama kwetu, vitabu vya hadithi 250 kwa kila darasa. Watoto wakawa wanasoma au kusomewa kwa nusu saa hivi kila siku ya shule. Baada ya miezi minane maendeleo yao katika kusoma na kusikiliza Kiingereza yalikuwa kama mara mbili ya yale ya kawaida. Fiji walifanya hivyo darasani. Mtoto wako ana karibu nusu ya muda huo, yuko nyumbani, na saa zote za mchana ni zake.

Kweli ni zake? Kwa mvulana, mara nyingi ndiyo. Kwa msichana likizo ni zamu. Anaamka kufagia uwanja, anachota maji, anapika, anambeba mdogo wake mgongoni, na jioni anaosha vyombo vya wote, pamoja na vya kaka yake aliyeshinda kibanda umiza akitazama mpira. Ukimnunulia binti huyu kitabu bila kumpa muda, umemnunulia pambo. Tenga saa moja, kwa mfano baada ya vyombo vya mchana, jua likiwa kali na hakuna anayekwenda popote. Iwe inajulikana kwa nyumba nzima kwamba saa hiyo hatumwi mtu dukani. Kaka aoshe masufuria siku tatu kwa wiki. Hesabu yenyewe si ya kutisha: kurasa 10 kwa siku kwa siku 28 ni kurasa 280, nazo ni riwaya nzima na inabaki nafasi ya kitabu kingine chembamba. Na kama kuna mdogo wa darasa la kwanza, mkubwa amsomee kwa sauti. Mdogo anapata hadithi, mkubwa anajifunza kupumzika kwenye nukta, na mama anapika akiwa na kitu cha kusikiliza.

Tatizo la kweli ni kupata vitabu. Nyumba nyingi zina msahafu au Biblia, kalenda, na madaftari ya mwaka jana. Anayekaa mjini aanze na maktaba ya mkoa. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967 na bado ina chumba cha watoto; mikoa mingi nayo ina maktaba, ila wengi hupita mlangoni kila siku wakidhani ni ofisi ya serikali. Huko Garissa, Kenya, maktaba ilipoona watu wako mbali, mwaka 1996 ilianza kuwapelekea vitabu wafugaji kwa ngamia. Kama hakuna maktaba wala ngamia, wako wauzaji wanaotandika vitabu vya mtumba kando ya barabara. Hapo ndipo nilipokwenda baada ya ile simu ya saa nne usiku. Siku ya tatu ya kuinama, chini ya rundo la vitabu vya uhasibu, nilimwona Bwana Msa, kurasa zote, kwa bei ya sahani ya chipsi mayai. Nilimkabidhi kondakta wa basi la Ifakara asubuhi iliyofuata. Kijana alinipigia tena baada ya siku mbili, si kushukuru, kulalamika: alikuwa amemshuku mtu mwingine kabisa.

Njia rahisi kuliko zote ni majirani. Familia tano, kila moja ikinunua vitabu viwili tofauti, zina vitabu kumi vya kuzungushana mpaka shule zifunguliwe. Daftari moja linatosha kuandika nani kachukua nini.

Simu nayo niseme neno, maana najua mtu ataniuliza. Vijana wetu wanasoma sana simulizi za WhatsApp na Facebook, zile zinazokatwa penye utamu na kukuambia utume pesa upate sehemu inayofuata. Sizidharau. Ni kusoma, na anayesoma sehemu 60 za simulizi ana pumzi nzuri. Ila mwandishi anayelipwa kwa sehemu hukata kila kitu kiwe kilele, na herufi nyingine huachwa njiani. Kijana wa namna hiyo simkatazi. Namwazima riwaya nikimwambia kwamba hii haina malipo ya kuendelea. Na saa ile ya kusoma, simu ya kila mtu ikae kabatini, ya baba ikiwa ya kwanza.

Nimetaja kabati. Katika shule moja niliyofundisha kulikuwa na kabati la chuma ofisini, lenye vitabu vya hadithi vya msaada, vingine bado vina harufu ya kiwanda. Lilifungwa kwa kufuli mwaka mzima, na likizo ikifika liliongezewa la pili. Sababu niliyopewa ilikuwa kwamba vitapotea na mkaguzi atauliza. Mwaka niliokabidhiwa ufunguo niliwaazima wanafunzi vitabu 40 siku ya kufunga shule, kila mmoja akaandika jina lake na la mzazi wake. Vinne havikurudi. Viwili vilirudi vimelowa mvua, na kimoja kilirudi na watoto watatu ambao si wanafunzi wa shule yetu, wakiuliza kama kuna vingine. Mkaguzi alipokuja, alihesabu madawati.

Basi walimu wakuu, siku ya mwisho wa muhula, kabla hamjagawa ripoti, fungueni kabati hilo. Watoto wapite mstari mmoja, kila mmoja achague chake, mwalimu wa zamu aandike. Vinne havitarudi.